Mzee anataka kwenda bustani ya wanyama ya Mysore, ataiweza?

BintiMwalimu:
Habari zenu wakuu. Niko Bengaluru, India, na baba, tulikuja kwa matibabu ya moyo. Ameshatoka wodini, anaendelea vizuri, na daktari amemruhusu kutembea taratibu mradi asijichoshe. Tunasubiri tarehe ya kuonana naye tena ndipo turudi Dar. Baba ni mwalimu mstaafu wa historia. Wagonjwa wenzake wamemsimulia habari za bustani ya wanyama ya Mysore iliyoanzishwa na mfalme, basi tangu hapo hana wimbo mwingine. Naomba waliofika wanishauri: mzee wa miaka zaidi ya 70 ataimudu? Twende siku gani?

Pwani_Tulivu:
Pole na kuuguza dada. Ila mtu atoke Tanzania akaone twiga India? Mpeleke kwenye jumba la mfalme, apige picha, mrudi mkapumzike.

Mnyalukolo_Mysuru:
Dada pole sana, na mzee mfikishie shikamoo yangu. Nimesoma Mysore, nilipanga chumba upande ule ule wa bustani, kwa hiyo naandika kwa kirefu kidogo.

Kwanza nimjibu Pwani_Tulivu. Twiga wapo kweli, na wamezaliana hapo mpaka wengine wakapelekwa bustani nyingine za India. Lakini mwalimu wa historia haendi kule kwa ajili ya twiga. Ile ni sehemu ya shamba la jumba la kiangazi la Maharaja Chamarajendra Wadiyar wa 10. Alitoa eneo la kama ekari 10 mwaka 1892, na hakuishi kuliona likikua, maana alifariki mwaka 1894 akiwa na miaka 31 tu. Jina lake ndilo bustani inalobeba hadi leo. Kwa muda mrefu ilikuwa mali ya nyumba ya kifalme, na baada ya uhuru ikakabidhiwa serikali. Baadaye lilipoongezwa na ziwa la jirani, Karanji, eneo lote likapita ekari 150.

Mkono wa bustani ya kifalme utauona kwenye miti. Mjerumani mmoja, Krumbiegel, bingwa wa bustani aliyewafanyia kazi watawala wa Mysore, alishiriki kuipanga. Njia ni pana, zimefunikwa na kivuli, na kuna vichaka vya mianzi minene. Upepo ukipita, mianzi inasuguana na kulia juu ya vichwa vyenu. Hapo mwache mzee akae kwenye benchi, msimharakishe.

Wanyama wa kuwatafuta ni wale ambao kwetu hatunao. Kuna gaur, ng'ombe mwitu wa India: dume lake ni jeusi, lina nundu begani, na miguu yake kuanzia magotini kushuka chini ni myeupe, utadhani amevaa soksi. Kuna chui milia. Kuna kima mweusi mwenye manyoya ya kijivu kuzunguka uso na kishada mkiani. Huyo makazi yake ni misitu ya milima ya Ghats ya Magharibi huku India peke yake, duniani kote hapatikani porini kwingine. Mimi huyu kima ndiye niliyekuwa nikimwendea. Mkae naye angalau robo saa, kwa sababu wengi humpita wakikimbilia simba.

Na gorila mwoneni. Miaka mingi walikuwa na dume mmoja, Polo, gorila pekee katika India nzima, hana mwenzake. Alikufa mwaka 2014. Iliniuma kila nilipomfikiria, maana gorila si mnyama wa kuishi mpweke. Mwaka 2021 wakaleta madume wawili ndugu kutoka Ujerumani, Thabo na Demba, na angalau hao kila mmoja ana wa kukaa naye.

Sasa siku. JUMANNE WANAFUNGA, jambo hili limewaponza wengi. Jumapili nayo kuna umati, shule na familia zinajaa, kwa mgonjwa wa moyo sishauri. Lakini Jumapili saa moja usiku jumba la mfalme huwashwa taa karibu laki moja kwa wakati mmoja, na mwalimu wa historia asikose hilo. Kwa hiyo fanyeni hivi: Jumapili mchana pandeni treni kutoka Bengaluru, ni mwendo wa kama saa mbili au tatu hivi, jioni mkaone taa, mlale Mysore. Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi muwe getini. Hapo jua bado halijakali na wanyama wamechangamka.

Mzunguko ni mrefu, unazidi kilomita 3, na ukishaingia unafuata njia moja mpaka mwisho. Mzee asiutembee. Yapo magari madogo ya betri kwa ajili ya wazee, ulizeni dirishani pale pale mnapokata tiketi. Mifuko ya plastiki iacheni hotelini, wanakagua mikoba. Na dawa zake uzibebe wewe mwenyewe.

Mama_Arafa:
Nakazia hapo kwa Mnyalukolo. Mkibaki na nguvu, pitieni ziwa Karanji, lipo ubavuni tu. Mtawaona ndege kama wari na korongo kwa karibu, na benchi ni nyingi. Mama yangu alipapenda kuliko ndani kwenye wanyama.

BintiMwalimu:
Mungu awabariki. Nimemsomea baba yote, kaniambia niandike jina la Krumbiegel kwenye daftari lake. Je, chakula? Ana sukari kidogo, na viungo vya huku vimemshinda.

Mnyalukolo_Mysuru:
Asubuhi mpe idli, vikate vya mchele vya huku, ni laini, imepikwa kwa mvuke, haina mafuta. Mchuzi wa pembeni aonje kwanza. Mchana ulizia ragi mudde kwenye mikahawa ya wenyeji. Ni ugali wa ulezi uliofinyangwa donge, ndicho chakula cha wakulima wa jimbo hili la Karnataka. Waambie wasiweke pilipili kwenye mboga, na donge moja mgawane wawili, ni zito. Kuhusu sukari, muulize daktari wake kabla hamjaondoka. Treni ya kurudi kateni tiketi mapema, jioni hujaa.