Nyanya na maharage majani yamejisokota baada ya jirani kupuliza dawa ya magugu, bado zinalika?

MamaMiche:
Wadau habarini, naombeni msaada maana hapa nimechanganyikiwa. Nina bustani ya mboga nyuma ya nyumba, nyanya, maharage, pilipili hoho, vitunguu na mahindi kidogo pembeni. Wiki iliyopita jirani alipuliza dawa ya magugu upande wake wa uzio na kulikuwa na upepo, nikaona kabisa ule ukungu wa dawa unapeperuka kuja kwetu. Siku kadhaa baadaye nyanya zikaanza kubadilika, majani ya juu yamejikunja kingo zimeinuka, yale machanga kabisa yamekuwa membamba yamejisokota na ncha ya shina imepinda. Maharage nayo majani mapya yamekunjamana hayafunguki. Majani ya chini ya zamani hayana shida yoyote.

Maswali yangu ni haya, hii mimea itapona au ning'oe? Na zile nyanya zilizokwisha kushika tunda tunaweza kula tukiosha vizuri? Nauliza kwa uchungu maana watoto wangu wamezoea kuchuma na kula hapohapo shambani bila hata kuja ndani. Mume wangu anataka aende kwa jirani akadai fidia leo hii, mimi nimemwambia asubiri kwanza nijue ni nini.

Babu wa Vitalu:
Pole sana mama. La kwanza kabla ya yote, watoto wasichume chochote hapo mpaka ujue ni kemikali gani, waambie leo, na kama ni wadogo weka hata kamba. Usiwe na hofu ya kupita kiasi, ila ukiwa hujui jina la sumu huwezi kujua ukali wake, na dawa za magugu hazifanani hata kidogo. Kuna ambayo funda moja likimezwa linaua mtu mzima, parakwati ni ya namna hiyo na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007, na kuna nyingine sumu yake kwa binadamu ni ndogo sana. Kwa hiyo nenda kwa jirani kwa upole umuombe akuonyeshe kopo, usome jina la kemikali yenyewe, sio jina la biashara, huwa limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye lebo pamoja na kiwango chake.

Wakati unasubiri angalia mimea yako inasema nini, maana kila dawa inaumiza kwa namna yake. Parakwati inaunguza pale tone lilipotua tu, unaona madoa makavu ya kahawia ndani ya siku moja au mbili halafu majani mapya yanatoka mazima. Glaifoseti inanyonywa na majani inashuka hadi mizizini, haina haraka, wiki inaweza kupita ndipo uone majani machanga yanageuka njano au meupe kuanzia kwenye kitako cha jani. Halafu kuna familia ya 2,4-D, hizi zinaigiza homoni ya ukuaji ya mmea, mmea unakua hovyo bila mpangilio, shina linapinda, majani yanajisokota na kuwa membamba. Nyanya, pilipili na maharage zinaumia haraka mno na hizi, hata mvuke tu siku ya joto unatosha.

Ulivyoeleza mimi naona hiyo familia ya mwisho. Niambie kitu kimoja, mahindi na vitunguu vikoje?

Kijana_wa_Jembe:
Mbona mnamtisha mama wa watu, loweka nyanya kwenye maji ya chumvi na siki dakika kumi suuza kula, sisi tunafanya hivyo siku zote na hatujafa.

Sifa K.:
Kijana_wa_Jembe hapana, tusishauriane hivyo kwenye mambo ya watoto. Kuosha kunatoa kilicho juu ya ganda, vumbi, matone yaliyokauka, na ni vizuri kuosha kila siku. Lakini dawa nyingi za magugu zinaingia ndani ya mmea zinasafiri na utomvu, kwa hiyo kilicho ndani ya nyama ya tunda hakitoki kwa chumvi wala siki wala magadi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Marekani waliosha matufaha kwa maji ya magadi soda, dawa iliyokuwa juu ya ganda ikatoka yote ndani ya robo saa hivi, ila ile sehemu iliyokwisha kupenya ganda ilibaki. Na yale yalikuwa maganda magumu yenye nta, sasa fikiria majani laini ya mboga.

Halafu kuna jambo la kanuni. Lebo ya dawa inataja mazao yanayoruhusiwa na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama nyanya haimo kwenye hiyo lebo maana yake hakuna aliyepanga siku za kusubiri kwa ajili ya nyanya, kwa hiyo huwezi kujihesabia mwenyewe tu ukasema wiki mbili zinatosha.

MamaMiche:
Asanteni sana. Nimerudi kwa jirani, kwa kweli amenipokea vizuri, ameleta kopo mwenyewe na ni glaifoseti. Mahindi na vitunguu ni vizima kabisa, vimenyooka kijani, hata mimi nimeshangaa kwa sababu mahindi ndiyo yako karibu zaidi na uzio. Pilipili hoho zimeanza kujikunja nazo. Sasa ndio basi tena, ni yeye au sio yeye?

Babu wa Vitalu:
Hapo sasa ndipo pananifanya nisite. Glaifoseti haichagui, inaua nyasi na inaua majani mapana vilevile, na mahindi ni jamii ya nyasi. Kama ingekuja na upepo kwa kiasi cha kusokota nyanya basi mahindi yaliyo mbele yake yangekuwa ya kwanza kuwa njano. Na dalili zako sio za njano wala weupe, ni za kujisokota. Kinachoumiza nyanya, maharage na pilipili na kuacha mahindi na vitunguu salama ni ile familia ya homoni.

Nabaki na washukiwa wawili. Kwanza bomba la kupulizia la jirani, pengine aliwahi kutilia 2,4-D hakulisafisha vizuri, mabaki kidogo kwenye mpira na chujio yanatosha kuumiza nyanya, ndio maana mtu mwenye bustani anatakiwa awe na bomba la magugu peke yake na la mboga peke yake. Ila hata hapo dawa kuu kwenye bomba ingekuwa bado ni glaifoseti na mahindi yangeonyesha. Mshukiwa wa pili ndiye namuwazia zaidi, naye hakupita kwenye uzio. Uliweka samadi msimu huu? Ilitoka wapi na mifugo ilikuwa inakula nini? Na kuna nyanya yoyote hapo haikupata samadi?

MamaMiche:
Dah. Ndiyo niliweka samadi, nyingi tu, kwenye matuta yote, nilipata kwa mtu anafuga ng'ombe anawalisha nyasi kavu za kununua. Na umenifanya nikaangalie, nina nyanya kwenye ndoo mbili ziko palepale usawa wa uzio, zilipandwa kwenye udongo wa mfuko bila samadi, na zile hazina kitu, majani yamefunguka vizuri. Yaani za kwenye ndoo ndizo zilizokuwa kwenye upepo kabisa na ndizo nzima!

Babu wa Vitalu:
Mama hizo ndoo mbili zimemaliza kesi, au niseme zimemaliza asilimia kubwa. Dawa ingekuja na hewa zingeumia hizo kwanza. Kilicho kwenye matuta na hakipo kwenye ndoo ni samadi.

Acha nieleze maana wengi hawajui na wanalaumu virusi, wanalaumu majirani, wanalaumu mbegu. Kuna dawa za magugu za malisho, aminopairalidi na ndugu yake klopairalidi, ni za hiyohiyo familia ya homoni. Mwenye malisho anapuliza, majani mapana yanakufa, nyasi zinabaki nzuri, anakata anakausha anauza. Ng'ombe au farasi akila haimdhuru, inapita tumboni inatoka kwenye mkojo na kinyesi ikiwa vilevile, haijavunjika. Unaweka kwenye mboji unadhani joto la mboji litaimaliza, kumbe imejifunga kwenye nyuzi ngumu za nyasi na inaachiwa taratibu kadiri nyasi zinavyooza, ndio maana samadi ya mwaka mzima inaweza kuwa bado na nguvu. Na maharage au nyanya zinaonyesha dalili hata kwa viwango vya sehemu chache kati ya bilioni, huwezi kuona wala kunusa.

Hii sio nadharia. Marekani, jimbo la Washington, karibu na mwaka 2000 mboji ya jiji la Spokane iliharibu bustani za watu kwa sababu ya klopairalidi iliyotoka kwenye majani ya uwanjani yaliyokatwa. Uingereza mwaka 2008 wenye bustani wengi walipata haya haya unayoyaona wewe, kutoka kwenye samadi, mpaka uuzaji wa dawa za aminopairalidi ukasimamishwa kwa muda. Na kila mahali watu walianza kwa kushuku jirani.

Hakikisha kwa kipimo cha maharage, hakihitaji maabara. Chukua vikopo sita safi, vitatu changanya samadi unayoishuku na udongo safi nusu kwa nusu, vitatu udongo safi peke yake. Panda maharage yote ya mbegu moja. Kila kikopo kiwe na kisahani chake, maji yakichuruzika kutoka kimoja yakaingia kingine umeharibu kipimo. Subiri mpaka yatoe majani halisi ya pili na ya tatu, wiki mbili tatu hadi nne, yale ya mwanzo kabisa yasikuhadae kwa sababu mara nyingi hutoka mazuri. Ya samadi yakikunja na ya udongo safi yakafunguka basi umepata jibu.

Sifa K.:
Babu nimekuelewa na nakubali, nitaongeza tu tahadhari moja, kuna virusi vinafanya majani ya nyanya yawe membamba kama nyuzi, ukiona mmea mmoja huku mwingine kule na unaenea polepole kwa wiki, hicho ni kirusi. Ya mama imepiga aina tatu za mimea kwa wakati mmoja kwenye tuta zima, sio tabia ya kirusi. Na kuna utitiri mdogo sana unasokota ncha za pilipili, geuza majani uangalie kwa lenzi usije ukakosea.

Kuhusu kula. Aminopairalidi sumu yake kwa binadamu ni ndogo, hilo niliseme ili mama alale, kama watoto walikula nyanya mbili tatu wiki hii sioni sababu ya kukimbilia hospitali. Dalili za kumpeleka mtoto haraka ni kutapika, mate mengi, jasho jingi, kushindwa kupumua, mboni za macho kuwa ndogo sana, hizo mara nyingi zinatokana na dawa za wadudu na sio hizi za magugu, na ukienda beba kopo au picha ya lebo. Lakini mimi binafsi nisingevuna kwenye matuta hayo msimu huu. Kipimo cha maharage kinakuambia kuna kitu cha familia ile, hakikuambii ni kipi wala ni kiasi gani. Za kwenye ndoo ningetoa matunda yaliyokuwepo siku ile ya kupuliza kwa sababu ukungu uliuona kwa macho, yatakayoshika baadaye kwenye mmea usio na njano yoyote ningekula bila wasiwasi baada ya kuosha.

Kijana_wa_Jembe:
Nimejifunza hapa, ile ya kuloweka naifuta. Sasa swali, samadi yenyewe afanyeje, achome? Na udongo ndio umekufa?

Babu wa Vitalu:
Asichome, moshi wake haufai. Na asiigawe kwa mtu wala kuirudisha kwenye mboji, hapo ndipo tatizo linasambaa bustani hadi bustani. Aliyekupa samadi mwambie kwa heshima, kuna uwezekano naye hajui nyasi zilipulizwa nini, na ukimpa habari atamuuliza aliyemuuzia.

Udongo haujafa. Wanaoivunja hii kemikali ni vijidudu vya udongo na wanataka hewa, unyevu na joto. Kwa hiyo ondoa mabonge ya samadi yanayoonekana juu, ng'oa mimea iliyojisokota usiitie kwenye mboji, halafu lima geuza mara kwa mara udongo ukiwa na unyevunyevu, usiuache ukauke wala kutuama maji. Panda mahindi humo, hayajali. Ila mabua yake yasiende kwenye mboji wala kutandazwa kwenye nyanya maana yanaweza kuwa yamebeba mabaki. Samadi iliyobaki itandaze kwenye sehemu ya nyasi tupu, mbali na mboga na mbali na mtaro wa maji, usiirundike, kwenye rundo hewa haipiti na inakaa muda mrefu zaidi.

Kabla ya kurudisha nyanya rudia kipimo cha maharage kwa udongo wa tuta lenyewe, chukua kutoka sehemu tofauti tofauti sio kona moja. Kwingine inakuwa miezi, kwingine msimu mzima au zaidi, inategemea uliweka kiasi gani.

MamaMiche:
Nawashukuru kutoka moyoni. Vikopo nimeshapanda, vitatu na vitatu, kila kimoja na kisahani chake, na watoto nimewapa kazi ya kuangalia majani kila asubuhi. Mume wangu nimemsomea yote na ameelewa, kesho anaenda kwa jirani, lakini kuongea tu kuhusu siku za upepo. Matokeo ya maharage nitayaweka hapahapa na picha.