Tupeane uzoefu: unga na pesa za serikali wakati wa shida zilikufikia au zilikupita?

Wapendwa naombeni tusilete siasa hapa, nataka yaliyokupata wewe mwenyewe, mwaka gani na ulipata nini mkononi.

Naanza mimi. Hapa Kenya, 2017, ukame, pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili imepita shilingi 150, serikali ikaleta mahindi kutoka Mexico ikawauzia wenye vinu gunia 2,300 ili unga ushuke, kilo mbili 90 na kilo moja 47. Bei kweli ilishuka, ila unga wenyewe ndio ulikuwa wa kuotea. Hapa Likoni nilikuwa natoka saa kumi na moja alfajiri, mtoto mgongoni, mdogo wangu namsimamisha nyuma yangu kama hatujuani kwa sababu kila mtu ni pakiti mbili basi. Siku moja ukaisha wamebaki watu wanne nifike, na nyuma ya duka nikaona kwa macho yangu marobota yanapakiwa kwenye pikapu. Nililia njiani jamani. Nyumba ya watu saba, jioni ile tulikunywa uji wa chumvi.

*Mama Wawili, Mathare*
Pole dadangu. Mimi ni 2020, corona. Nilikuwa nafulia watu nguo, wote wakaniambia usikuje kwanza. Mzee wa nyumba kumi akaniandika, ikawa kila wiki elfu moja inaingia kwa simu. Nanunua unga, maharagwe, mafuta ya kupima na makaa mkebe mmoja mmoja, na hakuna mtu alijua nimesaidiwa, hiyo heshima siwezi sahau. Lakini jirani yangu ako na watoto watano hakupata hata shilingi juu laini yake ilisajiliwa na kitambulisho cha mtu mwingine. Tulikuwa tunapika sufuria moja tunagawana.

*Ekai*
Huku Turkana tuko na ile ya HSNP, mpango wa serikali wa kutumia familia maskini pesa za kuzuia njaa, 5,400 kila miezi miwili, na ukame ukizidi, satelaiti ikionyesha malisho yamekauka, hata familia ambazo hazilipwagi kila mara zinaongezwa. Ni mpango mzuri na umeokoa watu. Shida ya nyanya yangu ni kidole. Amechoma makaa miaka mingi mpaka alama zimefutika, anaweka kidole mashine inakataa, anapangusa kwa shuka, anaweka tena, inakataa. Ametembea kilomita kumi na kitu. Anaambiwa rudi kesho. Na kadi yenyewe ya kuchukulia pesa inakaa kwa mwenye duka kwa ajili ya deni la sukari na unga, kwa hiyo hata ikikubali, pesa anaiona tu ikipita.

*Mzee wa Kitui*
Wanangu, pesa ni nzuri kama chakula kipo dukani. Njaa moja ya miaka ya 80 sisi Wakamba tuliipa jina Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika, pesa mkononi na hakuna cha kununua. Tulikula mahindi ya njano kutoka Marekani, yana harufu yake, watoto walikataa siku ya kwanza, ya pili wakala. Kwa hivyo mimi serikali ikisema itatuma pesa tu, nauliza kwanza ghala lina nini.

*Wa Kibanda, Kisauni*
Acheni niseme upande wa wauzaji. Julai 2022 ikatangazwa unga 205 sasa ni 100, na mimi ndani nina stoki ya bei ya zamani niliyonunua kwa mkopo. Watu wananitukana mwizi. Naenda kwa holseli naambiwa wa mia haujafika, wiki mbili haujafika, ulipofika nikapewa robota moja, pakiti kumi na mbili kwa mtaa mzima. Niliwaita kina mama wajane nikawapa wao kwanza, wengine mpaka leo hawaninunulii.

*Mimi wa Likoni tena*
Mzee wa Kitui asante, hilo la ghala sikuwa nimelifikiria. Ekai, nyanya alilipwa mwishowe? Tuambie.

*Ekai*
Alilipwa safari ya tatu. Kidole gumba cha kushoto ndicho kilikubali.