Mjadala: Kamati ya avenyu kutoza kila nyumba pesa za kanivo (mfereji wa maji ya mvua), ni haki?

MKAAJI WA KADUTU
Wandugu wa Bukavu, tujadili hili. Kwetu kamati ya wakaaji imeamua kila nyumba itoe franka elfu tano kwa mwezi za kujenga kanivo. Usipotoa, au usipoonekana kwenye salongo, kazi ya pamoja ya usafi, jina lako linasomwa mbele ya watu na faini juu yake.

Mimi naunga mkono. Kwa sheria ya Kongo ya 2008, komini (kama Kadutu) ndiyo yenye bajeti yake. Kartie na avenyu zilizo ndani yake hazina. Kwa hiyo shefu wetu ana muhuri tu, hata karai la kuzolea tope hana. Na mvua za Septemba hazimsubiri burgumestri, mkuu wa komini. Tazameni yanayopita mlangoni: chupa, mifuko, nguo kuukuu, vyote vinateremka hadi ziwani, vinaishia kwenye bwawa la umeme la Ruzizi na kuziba mitambo, halafu umeme ukikatika tunatukana SNEL, shirika la umeme. Amri ya kukataza mifuko ya plastiki ni ya Desemba 2017. Nendeni soko la Kadutu leo mnunue nyanya, muone mtafungiwa katika nini.

MPANGAJI, PANZI
Kaka, nyumba ni ya nani? Mimi nimelipa garanti, pesa ya dhamana, na kila mwezi nalipa kodi ya pango. Huku kwetu kanivo ilijengwa kwa michango yetu sisi wapangaji. Ilipokwisha, mwenye parseli, yaani kiwanja na nyumba, alikuja kuitazama, akaisifu, akapandisha kodi. Jirani yangu alihama na watoto wake, akaacha kanivo aliyoilipia. Kumtoza mpangaji ni kumsaidia tajiri. Kwa salongo sina neno, nitakuja na jembe langu.

MWANAFUNZI WA SHERIA
Katiba, kifungu cha 174: kodi ya serikali inawekwa na sheria tu. Kamati ni chama, mtu anaingia kwa hiari, na faini yao haina nguvu kwa asiyekuwa mwanachama. Kusoma majina hadharani ndiko kunaniudhi zaidi. Mjane aliyekosa elfu tano anaaibishwa mbele ya wanawe, na mwenye magari mawili analipa ileile.

MAMA MUUZA MAKALA, BONDENI
Nyinyi wa juu mnabishana pesa, sisi wa chini tunabishana na maji. Kamati ya huko juu ilichimba kanivo yao nzuri, simenti na mawe ya kuchonga, ikaikomesha pale avenyu yao inapoishia. Maji yakatoka hapo kwa nguvu, yakaingia katika depo yangu. Magunia ya makala, yaani mkaa, yalilowa yote, na ukuta wa jikoni ukaondoka na udongo. Nilipanda kuwauliza. Wakanijibu: mama, hiyo si avenyu yetu.

MKAAJI WA KADUTU
Mama, pole sana. Hilo sikulifikiria, na naona lina uzito kuliko elfu tano. Mji huu umejengwa milimani. Avenyu moja ikijisafisha peke yake, inamtupia jirani shida yake. Mwanasheria, faini nakuachia, iondoke. Bila mchango lakini simenti tutaipata wapi? Napendekeza hivi: mwenye parseli atoe pesa, hata kama anaishi Kinshasa, mpangaji alete mikono. Hesabu ziandikwe ubaoni penye bomba la maji, mfuko wa simenti kwa mfuko wa simenti, maana kamati nyingi zimekufa kwa sababu ya daftari lililofichwa. Na kabla ya kuchimba, kamati za juu na za chini zikae pamoja, komini iwe shahidi. Madiwani wa komini tuliwapigia kura Desemba 2023. Hiyo ndiyo kazi ya kuwapa.

MPANGAJI, PANZI
Mwenye parseli akikataa je? Wa kwangu hata simu hapokei.

MAMA MUUZA MAKALA, BONDENI
Hayo mtayamaliza. Mimi nataka moja: muanzie kuchimba chini kwangu, mpande. Mkianzia juu tena, sitoi franka, na jina langu walisome watakavyo.