Filamu yetu ya Kibirizi imeisha kushutiwa, tuitoe kwa njia gani?

KijanaWaZiwani:
Wakuu habari zenu. Tumemaliza kushuti filamu ndefu hapa Kigoma, drama, dakika 80 na ushee kabla ya kupunguza. Ni kisa cha mjane aliyeachiwa mtumbwi wa dagaa na marehemu mumewe, mashemeji hawataki mwanamke amiliki chombo. Tumeshuti Kibirizi, Katonga na kidogo Ujiji. Sini za uvuvi wa usiku tuliziwahi Aprili 2024, kabla Ziwa Tanganyika halijafungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15. Kibali cha kushuti tulichukua mapema.

Mfadhili hatuna. Hela imetoka kwa dada yangu anayeuza mawese na kwa waigizaji wenyewe, kwa hiyo lazima irudi. Kuna mtu wa Dar anataka kununua master, yaani ile nakala kuu ya filamu, analipa mara moja na haki zote zinakuwa zake. Wenzangu wanasema tupandishe YouTube yaishe. Mimi natamani watu wa hapa nyumbani waione kwanza. Halafu sini za ufukweni zina upepo kwenye sauti. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Bando:
Pandisha YouTube mkuu. Watu wote wako kwenye simu siku hizi, vibandani wanaenda kuangalia mpira tu.

DadaSauti_Mwanga:
Mdogo wangu hongera, na dada yako mfikishie hongera zake. Kazi yangu ni kushika maiki kwenye seti, Dar na huku nyumbani, kwa hiyo naanza na sauti. Mtazamaji wetu atavumilia picha yenye giza, ila mazungumzo yasiposikika anainuka. Pale Kibirizi mchana upepo unatoka ziwani na kuipiga maiki usoni, na injini za boti hazinyamazi. Kama maiki haikuvalishwa manyoya, upepo ule hautoki kwenye kompyuta. Ukilazimisha, mwigizaji anasikika kama anaongea ndani ya ndoo.

Warudishe waigizaji wa sini hizo tu. Chumba kidogo, magodoro ukutani, mtu anajitazama kwenye skrini na kusema maneno yake upya, mdomo uendane. Kisha nenda ufukweni alfajiri peke yako na kinasa sauti, kabla upepo haujaanza. Chukua maji yanavyogonga mbao za mitumbwi, kina mama wanavyomwaga dagaa kuanika na kubishana bei ya beseni. Tandaza hayo chini ya mazungumzo mapya. Hiyo kazi naijua vizuri na inalipa kuliko kamera yoyote ya kukodi.

Master usiuze, tafadhali sana. Enzi za DVD watengenezaji wengi waliuza hivyo hivyo. Filamu zao zikirushwa leo hawana cha kudai kwa sababu walishasaini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inasema kazi ni yako mpaka uitoe mwenyewe kwa maandishi. Mpe leseni ya muda maalumu, kwa televisheni tu, na mkataba utamke kama ni yeye peke yake au unaweza kumpa na mwingine. Kabla ya hapo isajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na uwe na karatasi zilizosainiwa na mwandishi, waigizaji na mwenye muziki. Ukikosa ya mwenye muziki, ndiye atakayekusimamisha siku ya mwisho.

YouTube iwe mwisho kabisa. Matamasha mengi hayapokei filamu iliyokwisha kuwekwa wazi mtandaoni, na chaneli ya kulipia itanunuaje kitu ambacho watu wanakipata bure? Jaribu ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar pale Unguja, lipo tangu 1998. Weka manukuu ya Kiingereza, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha, yaliyoandikwa na mtu anayejua, na palipo na Kiha weka ya Kiswahili pia, mtu wa Tanga naye afuate.

Kibanda_Ujiji:
Mimi nina kibanda umiza. Ukija kuonyesha kwangu, njoo na kompyuta yako, ucheze mwenyewe, uondoke nayo. Ukimwachia mtu faili kwenye flashi, kesho iko Kasulu na Kibondo kabla yako. Kiingilio tugawane mlangoni siku ileile.

KijanaWaZiwani:
Nashukuru sana. Dada, nikionyesha Kigoma kwanza si nitajiharibia kwenye matamasha?

DadaSauti_Mwanga:
Inategemea tamasha. Yapo yanayotaka filamu isiwe imeonyeshwa popote, mengine hayajali onyesho la nchini kwako. Soma masharti, usipoelewa waandikie kabla hujatangaza chochote. Na kumbuka kibali cha kushuti siyo cha kuonyesha. Filamu ikikamilika inakwenda Bodi ya Filamu, inakaguliwa na kupewa daraja la umri, hata kama unaonyesha kwenye ukumbi wa shule.

Ukishapata, chagua siku za mbalamwezi, maana wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani na hao ndio wenye kisa. Ila tafuta ukumbi wenye paa, mwezi unafifisha skrini, na jenereta uifunge mbali na spika.