Viputo vinarudi palepale kwenye epoksi ya chambo cha mbao

Kivuli_cha_Mtumbwi
Wakuu, salaam. Nachonga vyambo bandia vya mbao, umbo la samaki mdogo. Kuchonga na kupaka rangi sina shida, kinachonitoa jasho ni epoksi ya mwisho, ile gundi ya chupa mbili inayochanganywa ikaganda na kung'aa. Naichanganya, naipaka kwa brashi, inang'aa, naondoka. Nikirudi nakuta viputo vimejipanga mgongoni, na kimoja kikubwa kwenye tundu la jicho. Nikipitisha moto wa kiberiti cha gesi vinapasuka, halafu vingine vinachomoza palepale. Epoksi ni ile ya dakika tano. Mbao ni nyepesi sana na rangi ya akriliki naipaka juu yake moja kwa moja. Nifanyeje? Tafadhali, msiniambie ninunue chemba ya kunyonya hewa.

Randa_na_Patasi
Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe: "palepale". Kiputo cha kukoroga kikipasuka kimekwisha. Kinachorudi mahali pamoja kinalishwa kutoka chini, na chini hapo kuna mbao tu. Mbao nyepesi imejaa vinyweleo vyenye hewa. Hewa ikipata joto inatanuka na kutafuta pa kutokea, na wewe unazidi kuichochea kwa moto!

Ziba mbao kabla ya rangi. Mkono mmoja mwembamba wa epoksi ya polepole unatosha, au gundi ya papo hapo iliyo nyepesi kama maji. Ikikauka piga msasa kidogo, ndipo upake rangi. Usisahau matundu: pale panapoingia waya, paliposhindiliwa risasi ya uzito, na hayo macho yako. Tundu lisilojazwa ni ghala la hewa, ndiyo maana kiputo chako kikubwa kiko hapo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitilii maanani. Pasha chambo joto kidogo kwanza, kiondoe kwenye joto, kisha paka kikiwa kinapoa. Hewa ya ndani ikipoa inasinyaa, basi badala ya kusukuma epoksi nje inaivuta ndani. Kwa sababu hiyohiyo mimi hupaka jioni, chumba kinapoanza kupoa. Asubuhi jua likiwa linapanda siigusi brashi.

Na hiyo ya dakika tano iache kwa kubandikia. Inaganda kabla hewa haijapata nafasi ya kupanda juu. Tafuta ya dakika thelathini au ya polepole zaidi.

Kivuli_cha_Mtumbwi
Nimekuelewa, fundi. Sasa vile nilivyokwisha kuvipaka rangi, nivitupe?

Randa_na_Patasi
Usitupe kitu. Paka mkono mwembamba mno, hata ukitoa viputo uache ugumu kabisa. Piga msasa namba 400 kwa maji, taratibu usije ukafika kwenye rangi, futa vumbi, paka mkono wa pili. Ule wa kwanza ndio utakuwa umeziba.

MamaNdoana
Fundi kamaliza upande wa mbao, ila naona mchanganyo nao una neno. Kama unakoroga kama unayepiga mayai, hata ukipaka juu ya kioo utapata viputo.

Chupa zote mbili, ya resini (gundi yenyewe) na ya hadena (ya kuigandisha), ziweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, vifuniko vimefungwa. Resini ikipata joto inalainika na hewa inatoka kwa urahisi. Ujue tu kwamba joto hilohilo linakupunguzia muda wa kazi. Pima kama chupa inavyoelekeza: ikisema nusu kwa nusu kwa ujazo, usitumie mizani, maana kwa kawaida resini ni nzito kuliko hadena na uzito utakudanganya. Koroga polepole kwa kijiti bapa, ukikwangua pembeni na chini. Kisha mimina yote juu ya karatasi ya alumini na uitandaze. Ikiwa nyembamba, kiputo hakina safari ndefu ya kufika juu, na mchanganyo haujipashi joto haraka kama ukiwa umerundikana kikombeni.

Moto upitishe kwa mbali, upesi, bila kusimama. Ukikawia epoksi inachuruzika na rangi inaungua. Draya ya nywele siipendi, inakuletea vumbi. Wapo wanaotia matone ya spiriti ili epoksi iwe nyepesi. Inasaidia, ila ikizidi epoksi inabaki laini, na ukishatia spiriti moto usiusogeze hapo kabisa.

Kivuli_cha_Mtumbwi
Asante mama. Swali la mwisho: chambo kimoja hakina kiputo hata kimoja, ila kina vidimbwi, epoksi imejitenga hadi rangi ya chini inaonekana. Hiyo nayo ni hewa?

MamaNdoana
Hapana, hayo ni mafuta, na mara nyingi yanatoka kwenye vidole. Futa chambo kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, bila kusugua maana akriliki inaweza kutoka, uache kikauke kabisa ndipo upake. Kishike kwa waya tu, na vaa glavu. Hadena si rafiki wa ngozi hata hivyo.

Randa_na_Patasi
Na ukishapaka usikining'inize kikatulia. Kizungushe polepole hadi epoksi igande, kwa mota au kwa mkono, la sivyo yote itakusanyika mkiani.