GPA 3.6 ya 5 nikiipeleka Ujerumani inakuwa ngapi? Na hii 2.88 ya Marekani ni kweli?

Kijana wa Ifakara

Habari za jioni wakuu. Naombeni mwongozo maana nimeshachanganyikiwa na siku zinaenda. Nimemaliza digrii ya kwanza 2022, uhandisi wa maji, miaka minne, GPA 3.6 yaani apa sekondi. Tangu hapo niko mamlaka ya maji huku, nilianza kwa kujitolea saivi nina mkataba, miaka miwili na kitu ya mkataba. Nataka nikasome masta ya maji ya chini ya ardhi, nimepata chuo kimoja Ujerumani, kwenye sifa wameandika uwe na 2.5 au bora zaidi. Nikafurahi, nikasema 3.6 si nimewapita mbali, nikamwambia mpaka mama.

Jana jamaa wa ofisini ananiambia kule namba inaenda kinyume, ndogo ndo nzuri, kwa hiyo 3.6 kule ni mtu aliyeponea chupuchupu. Sijalala. Nikaingia kwenye kikokotoo cha mtandaoni nikaweka 3.6 ya 5 kikaniletea 2.88 ya 4, na Marekani vyuo vingi nilivyoangalia vinataka 3.0. Kwa hiyo Ujerumani sifai na Marekani sifai?

Halafu kuna mtu anasema atanishughulikia cheti kinaitwa APS, bila hicho eti Ujerumani hawafungui hata faili lako, anataka laki 4. Chuo kinafunga tarehe 31 Mei. Naomba anayejua kwa kupitia, siyo ya kusikia.

Mzee wa Kwimba

Dogo kikokotoo hakijakosea, 3.6 zidisha 4 gawa kwa 5 ni 2.88. Wanataka 3.0 wewe una 2.88, ndo hivyo. Ningekuwa wewe ningesoma masta hapahapa nyumbani kuliko kutupa hela za fomu. Nakwambia kwa nia njema kabisa.

Dada wa Dresden

Mzee shikamoo. Naomba nikukatalie kwa heshima maana huyu kijana akifunga faili lake kwa hiyo hesabu atakuwa amejinyima kitu anachostahili.

Mdogo wangu nisikilize. Ujerumani 1.0 ndo ya juu kabisa, 4.0 ndo ya mwisho ya kufaulu, ukizidi hapo umefeli. Jamaa yako wa ofisini yuko sahihi namba inaenda kinyume, alipokosea ni kuichukua 3.6 ya Tanzania na kuisoma kama ya kwao. Inabadilishwa kwanza, na wanaotumia njia ya kawaida kule wana fomula yao, wanaiita ya Bavaria. Wanachukua GPA ya juu kabisa inayowezekana chuoni kwako wanatoa ya kwako, wanachopata wanagawa kwa tofauti ya ile ya juu na ile ya chini kabisa ya kufaulu, wanazidisha kwa 3, mwisho wanaongeza 1. Yako sasa: juu ni 5.0, chini ni 2.0. 5 toa 3.6 ni 1.4. 5 toa 2 ni 3. 1.4 gawa kwa 3 halafu zidisha 3 unarudi palepale 1.4, ongeza 1, ni 2.4.

Wanataka 2.5, wewe una 2.4. Umo ndani.

Na sisi wa skeli ya 5 tunaweza kuikata hiyo hesabu ikawa fupi, ile 3 ya kugawia na 3 ya kuzidishia zinafutana, kwa hiyo chukua 6 toa GPA yako basi. Mwenye 4.4, fasti klasi ya chini kabisa, anapata 1.6. Mwenye 3.5 anapata 2.5, kwenye chuo chako huyo anapita kwa kugusa. Mwenye 3.4 anapata 2.6 na hapo mlango umefungwa, ndo maana nawaambia wadogo zangu waliopo chuoni sasa hivi wasidharau hiyo 0.1, kwetu ni tofauti ya lowa na apa, huku ni tofauti ya kusomewa faili na kutosomewa.

Sasa sikiliza hapa maana hapa ndo nilipoumia mimi. Hiyo 5.0 na hiyo 2.0 mtu wa Ujerumani anazitoa wapi? Anazitoa nyuma ya transkripti yako. Geuza ile karatasi, wengi hatuigeuzi, kuna jedwali dogo la maandishi ya kijivu, A 70 mpaka 100 pointi 5, B+ 60 mpaka 69 pointi 4, B 50 mpaka 59 pointi 3, C 40 mpaka 49 pointi 2, halafu chini yake madaraja ya digrii na GPA zake. Mimi mwaka wangu wa kwanza kuaplai nilikwenda steshenari nikaskani upande wa mbele tu, kijana akaniuliza dada na nyuma, nikamwambia nyuma hakuna kitu. Wiki ya tano nikapata barua kwamba haiwezekani kutambua skeli ya alama zangu, nilete ufafanuzi, na siku ya mwisho ya chuo ilikuwa imepita siku 3. Nilikuwa kwenye daladala ya Mbagala nikalia mbele za watu. Mwaka mzima ukapotea kwa sababu ya upande mmoja wa karatasi.

APS usitoe hata mia. Hiyo ni kwa waliosoma China, India na Vietnam, Mtanzania aliyesomea Tanzania haimhusu kabisa. Hela yako itunzie uni-assist, wale wanaokagua vyeti vya nje kwa niaba ya vyuo vya huku, kama chuo chako kinapitia huko, ni euro 75 kwa kozi ya kwanza unayoomba na 30 kwa kila inayofuata muhula huohuo. Wao wanasema kazi inachukua wiki 4 mpaka 6 kwa hiyo usingoje Mei. Vyuo vingine wanataka uni-assist wakupe karatasi inaitwa VPD, hiyo inaandikwa kabisa gredi yako ya Kijerumani, ukiipata unaiambatanisha mwenyewe kwenye fomu ya chuo. Vingine vinapokea moja kwa moja. Soma ukurasa wa kozi yenyewe, siyo ukurasa wa mbele wa chuo.

Mkenya wa Nakuru

Dada umeongea vizuri sana na mimi hiyo fomula iliniuma vibaya, wacha niseme ndio Wakenya wakipita hapa wajue. Sisi tuko na asilimia. 70 kwenda juu ni fasti klasi, 60 hadi 69 sekondi apa, 40 ndio pasi. Na hakuna lekchara atakupea 95, hiyo kitu haiko, darasa letu lote mtu wa kwanza alimaliza na 74. Sasa wakiweka 100 juu na 40 chini, angalia mtu wa 70: 100 toa 70 ni 30, gawa kwa 60 ni nusu, mara 3 ni 1.5, ongeza 1 ni 2.5. Fasti klasi ya Kenya imekuwa sawa na 3.5 ya Tanzania! Mimi nikiwa na 65 nilitoka na 2.75 na nilikuwa nimesoma mpaka macho yanauma.

Kile nilifanya ni hivi, nilienda kwa ofisi ya msajili nikaomba barua inasema nilikuwa wa 6 kati ya wanafunzi 84 na alama ya juu ya darasa ilikuwa 74. Walinizungusha wiki 3 lakini wakanipa, na mhuri. Nikatafuta kozi ambazo hazikati kwa gredi pekee, ziko, wanaangalia gredi pamoja na kazi umefanya na barua yako ya kujieleza, nikaambatanisha hiyo barua ya msajili mbele kabisa. Moja wakanichukua. Kwa hiyo hata wewe wa Ifakara kama mkuu wa idara yako anaweza kuandika ulikuwa wa ngapi, omba.

Kijana wa Ifakara

Dada, Mungu akubariki, nimesoma hiyo komenti mara tatu na nimerudia hesabu kwa kalamu inatoka 2.4 kweli. Mkenya asante na wewe, pole kwa hiyo 2.75.

Naomba niulize mawili. Mwaka wa kwanza nilipata sapu mbili, hesabu na mekanika, nikazifaulu zikaandikwa C. Je watazishikilia? La pili, fomu inauliza nina krediti ngapi za ECTS, yaani mfumo wa krediti wa Ulaya, transkripti yangu chini imeandika jumla 492. Nijaze 492?

Dada wa Dresden

Usijaze 492! Wataona umedanganya ukiwa hujadanganya. Mwaka mmoja wa kusoma wa huku ni krediti 60, kwetu kwa mfumo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, mwaka mmoja ni 120, kwa hiyo ya kwetu ni kama mara mbili ya yao. 492 yako ni kama 246 za huku. Masta nyingi huku wanataka digrii ya kwanza yenye 180, ambayo ni miaka mitatu, wewe wa minne uko juu. Fomu ikiwa na sehemu ya maelezo andika krediti zako kama zilivyo na useme mwaka mmoja chuoni kwako ni krediti 120, wao wafanye hesabu.

Sapu sijawahi kuona mtu amekataliwa kwa ajili ya sapu iliyofaulu, C ni C. Kitu cha kuogopa ni kingine. Shuka chini kwenye ukurasa wa kozi utaona wanataka krediti kadhaa za hisabati, kadhaa za haidrolojia, jiolojia, na kadhalika. Watu wanakataliwa hapo wakiwa na 1.8. Chukua transkripti, panga masomo yako kwa mafungu hayo, jumlisha, gawa kwa 2. Na omba idarani maelezo ya kila somo, mlifundishwa nini na saa ngapi, maana jina la somo peke yake halimwambii kitu mtu wa huku. Ile "Uhandisi wa Maji II" yeye atajuaje kama nusu yake ilikuwa maji ya chini ya ardhi?

Na wewe mwenye miaka miwili ya kazi angalia DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, kuna skolashipu zao za EPOS, wanataka uzoefu wa kazi angalau miaka 2 na digrii ya mwisho isizidi miaka 6. Vyote unavyo. Ila dirisha lake kwa kawaida linafungwa mapema kuliko la chuo, hilo litakuwa la mwaka unaofuata.

Baba Zuwena, Ohio

Wa Marekani hajajibiwa ngoja niseme, nimemalizia masta huku na nimesaidia vijana wengi wa nyumbani kujaza hizi fomu.

Huku hakuna ofisi ya taifa inayobadili gredi za nje, kila chuo na utaratibu wake, na fomu nyingi zinakuambia waziwazi usibadilishe, andika GPA yako na skeli yake. Unaandika 3.6 kati ya 5.0, basi. Ukijiandikia 2.88 umejikata mwenyewe kabla hawajakukata. Na hiyo ya kuzidisha 4 gawa 5 haina haki, angalia: B yako ina pointi 3, ukiizidisha hivyo inakuwa 2.4, wakati B ya huku ni 3.0. B ileile! Kikokotoo kinakunyang'anya 0.6 kwenye kila B uliyoitolea jasho. Ndo maana chuo kikitaka tathmini, mfano ya WES, shirika linalotathmini vyeti vya nje, wanapitia somo kwa somo, wanaangalia gredi na jedwali la chuo chako, hawachukui ile namba ya mwisho na kuizidisha.

Ubaya mwingine ni asilimia. Mtu wa huku amezoea 90 ndo A, akiona 72 bila jedwali anasoma ni C, na kwetu 72 ni A. Dada amesema geuza karatasi, na mimi nasema geuza karatasi. Na kabla hujalipa ada ya fomu mwandikie mratibu wa masta wa idara, mistari mitano tu, GPA yako na skeli, daraja la digrii, kazi unayofanya, uliza kama unafikia. Wanajibu. Idara nyingi zina ruhusa ya kumwombea mtu aliye chini kidogo ya 3.0 kama wanamtaka, na mtu aliyekaa kwenye visima miaka miwili wanamtaka.

Mzee wa Kwimba

Marahaba mwanangu wa Dresden. Nimeielewa hiyo ya B kuwa 2.4, kweli haikai sawa, nilikuwa nimemkatisha kijana tamaa bila kujua. Samahani dogo. Nina binti yupo mwaka wa pili Dodoma ana 3.4, leo hii nampigia.

Kijana wa Ifakara

Mzee wala usijali, hata mimi nilikuwa nimeshaamini.

Nimeigeuza. Jedwali lipo, kijivu hivyohivyo, miaka yote hii sijawahi kulisoma, na chini kabisa wameandika digrii ya pasi inaanzia 2.0. Nimepanga masomo usiku huu, haidrolojia na maji ya chini ya ardhi nina za kutosha, hisabati nimepata 24 na wao wanataka 20, kwa hiyo hata zile C mbili zimenisaidia. Yule wa APS nimemwambia aache. Kesho naomba ruhusa kazini nikaskani. Dada, mbele na nyuma niweke faili mbili au moja?

Dada wa Dresden

Moja. PDF ya rangi, mbele kisha nyuma, na uikuze kwenye simu kabla hujaondoka steshenari uone kama yale ya kijivu yanasomeka. Yasiposomeka mwambie aongeze giza askani tena.