MREJESHO: Programu ya simu kwa mwanangu mwenye usonji

Habari zenu ndugu zangu. Niliwauliza kama kuna programu ya simu itakayomfanya mwanangu wa miaka 6 aache kuzungusha vifuniko vya sufuria na kupunga mikono. Mama mmoja akanijibu: kwanza andika kinachotokea kabla na baada. Mungu ambariki.

Nimeandika kwenye simu wiki 2, kila tukio na saa yake. Kumbe vifuniko vinaanza jirani akiwasha jenereta! Mtoto alikuwa anajituliza kwa sababu ya kelele hiyo, mimi nampokonya.

Mtaalamu wa tiba kazi akanieleza kupunga mikono hakumdhuru, nimwache. Nimemwacha, na roho yangu imetulia.

Kilichotusaidia zaidi kumpimia muda wa vifuniko ni programu ya simu ya Time Timer, ile saa yenye duara jekundu linalopungua dakika zikiisha. "Bado kidogo" yangu hakuwahi kuielewa, ila wekundu anauona. Anaweka kidole ukingoni, anaufuata taratibu, ukiisha anafunika sufuria mwenyewe na kusema, "Kwisha." Siku za mwanzo alilia sana, msikate tamaa mapema.

Angalizo: simu yenyewe ilitaka kuwa kifuniko kipya, akawa anapangusa kioo mfululizo. Sasa naiegemeza juu ya kabati, aione tu asiishike.

Kujing'ata kifundo cha mkono bado kupo, na hapo programu haijanisaidia. Jumanne tunarudi kliniki. Aliyepitia hilo aniambie alifanyaje, tafadhali.